Shanga za Mwezini na Mawe ya Rungwe

Mwezi tunautazamia kwa ajili ya saumu zetu na Hija yetu, lakini ni wachache wanaouliza ndani yake mna nini. Anayetaka kulifahamu jambo hili na aanze Tukuyu, mkoani Mbeya.

Mlima Rungwe ulilipuka kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, ukatupa mawe mepesi yenye matundu tele mfano wa sifongo. Matundu hayo yameachwa na gesi. Chini ya ardhi, gesi na mvuke wa maji hukaa ndani ya mawe yaliyoyeyuka kama hewa ikaavyo ndani ya chupa ya soda. Kizibo kikifunguka, hutoka kwa povu. Hata leo, wilayani Rungwe, gesi ya kaboni hutoka ardhini, nayo huvunwa ikatiwa katika vinywaji.

Mwezini nako moto huo ulikuwako. Mwaka 1971 wasafiri wa Apollo 15 walirudi na shanga za kioo za kijani. Desemba 1972 Harrison Schmitt wa Apollo 17, mtaalamu wa miamba, aliona udongo wa rangi ya machungwa. Nao ni shanga, ndogo kuliko chembe za mchanga: matone ya volkano yaliyoganda zaidi ya miaka milioni 3,000 iliyopita.

Wataalamu walipima mawe ya mwezini wasione maji, ikasemwa mwezi ni mkavu kabisa. Hukumu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30.

Mwaka 2008 Alberto Saal, Erik Hauri na wenzao walizipima shanga kwa chombo chenye nguvu zaidi, wakakuta athari ya maji. Tena katikati ya ushanga yalikuwa mengi kuliko ukingoni. Maana yake yalikuwa yakitoroka tone lilipokuwa likiruka. Mwaka 2011 walipima kioo kilichonaswa ndani ya punje za madini kisiweze kuvuja. Kiasi cha maji yake kilikaribia kile cha mawe ya volkano za chini ya bahari zetu.

Shanga ni zile zile. Kilichobadilika ni kipimo. Aliyesema "hatukuona" alisema kweli. Aliyesema "hakuna" alivuka mpaka. Ndiyo maana masheikh wetu humalizia fatwa zao kwa "Wallahu aalam". Nasi majumbani tunamhukumu mtoto kuwa hana akili, na jirani kuwa hana imani, kwa kuwa hatukuona. Tuseme tulichokiona, tukome hapo. Ya vifuani anayajua Mwenyezi Mungu.