Kutafuta chumba Dar kwa simu ya video: angalia haya kabla ya kutuma kodi

Mhitimu wa Korogwe au Handeni anayeitwa kazini Dar es Salaam mara nyingi hana muda wa kutafuta pa kuishi. Barua inamtaka aripoti Jumatatu, na kutoka Korogwe ni karibu kilomita 300 kupitia Segera na Chalinze. Akienda kuangalia vyumba na kurudi ni nauli mbili, na huko dalali anataka hela yake ya kumzungusha. Ndiyo maana wengi sasa huangalia chumba kwenye simu. Dalali anatuma video WhatsApp, mtu anachagua, anatuma hela, kisha anapanda basi na godoro lake.

Ulaya na Marekani utaratibu huu ulishika kasi wakati wa korona mwaka 2020. Huko zipo kamera zinazopiga picha pande zote, na mpangaji anajizungusha mwenyewe ndani ya nyumba kwa kugusa kioo cha simu. Kwetu kamera ni simu ya dalali, nayo inaelekea anakotaka yeye.

Hasara ikitokea ni kubwa kwa sababu ya namna tunavyolipa kodi. Wenye nyumba wengi Dar hutaka miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Chukulia chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi: miezi sita ni 480,000, ukiongeza ya dalali ni 560,000. Kwa familia nyingi hizo ni hela za mahindi ya msimu mzima.

Video iliyorekodiwa haitoshi

Inaweza kuwa ya mwaka juzi, au ya nyumba nyingine kabisa. Omba simu ya video, mchana, ukiwa mahali penye mtandao mzuri na bando la kutosha. Mwambie dalali aanzie kituo cha daladala na atembee hadi mlangoni bila kukata. Hapo utajua kama ile “dakika tano tu” ni tano kweli.

Ndani, usikubali azunguke haraka. Mwombe afungue bomba, awashe taa, kisha ainue simu kwenye dari uone kama kuna madoa ya maji. Ashushe chini ya ukuta, maana rangi iliyobanduka huko ni dalili ya unyevu. Choo akioneshe chote, na kama ni cha kuchangia, uliza kinatumiwa na watu wangapi. Kisha mwambie anyamaze nusu dakika. Baa ya jirani au mashine ya kuchomelea utaisikia mwenyewe.

Kama kuna mpangaji mwingine uani, omba uzungumze naye. Huyo hana cha kukuuzia. Muulize maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na umeme wa LUKU wanachangiana vipi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, nayo ni ya mwenye nyumba. Ulizia mapema nani anaibeba pale.

Yapo ambayo simu haioneshi. Nyumba ya bondeni mwezi wa nane inapendeza, ardhi kavu, upepo mzuri. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakuta watu wa bonde la Msimbazi majumbani mwao, na baadaye baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo omba lokesheni, ifungue kwenye ramani yenye picha ya setilaiti, utazame mto au mfereji uko umbali gani. Lokesheni ya kawaida mtu anaweza kuchagua sehemu yoyote akakutumia. Mwombe ile ya moja kwa moja, inayoonesha alipo wakati huo.

Kabla ya kubonyeza namba ya siri

Sema na mwenye nyumba mwenyewe, kisha mtafute mwenyekiti wa serikali ya mtaa uulize kama anamfahamu. Mtu akikuambia “kuna mwingine analipa saa kumi, tuma hata nusu nikushikie,” simama hapo hapo. Matapeli wa “tuma kwenye namba hii” hutumia haraka hiyo hiyo. Ukituma pesa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Likiwa tofauti na la mwenye nyumba, acha. Ikishatoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja uombe izuiwe, nenda polisi, na ripoti TCRA kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Njia salama zaidi ni kumtuma ndugu au mtu wa nyumbani aliyeko Dar akaone kwa macho, kisha kodi ilipwe siku ya kusaini mkataba wenye majina, kiasi, muda na masharti ya kuhama. Usiye na ndugu huko, tumia video kupunguza orodha hadi vyumba viwili au vitatu, shuka Mbezi siku mbili kabla ya kuripoti, lala gesti, uvione. Gesti ya usiku mmoja au miwili haifiki kodi ya miezi sita ya chumba ambacho hakipo.