Rangi Iliyosingiziwa

Ukitoka Arusha kwenda Moshi kwa barabara kuu, mbele kidogo ya Usa River unafika Maji ya Chai. Maelezo ya hapa yamenyooka. Mto unaotelemka kutoka Mlima Meru una maji ya hudhurungi kama chai ya rangi, ndiyo maana ya jina. Na anayeyanywa tangu utotoni, meno yake hushika rangi hiyohiyo. Jina, mto na tabasamu la kahawia vimepangwa mstari mmoja. Mimi hadithi iliyonyooka namna hii hunitia mashaka. Rangi ya maji inahamaje kutoka kikombeni hadi kwenye jino, na kukaa humo mpaka uzeeni?

Nikaanza na jambo jepesi: kuuzunguka mlima. Meno haya hayako Maji ya Chai peke yake. Yapo upande wa Ngaramtoni, yapo Oldonyo Sambu, yapo mjini Arusha kwenyewe, kiasi kwamba ukicheka Dar es Salaam mtu anaweza kukutajia mkoa uliokulia. Na huko kuna chemchemi zenye maji meupe, unaona kokoto chini. Hawa hawakunywa mto wa chai hata siku moja. Wao walipakwa na nani?

Toleo la pili la hadithi ni la kejeli: hawapigi mswaki. Hili halichukui muda kulivunja. Mwalimu anahamishiwa huko akiwa na miaka 25, anakunywa maji yale miaka 20, anahama na meno meupe. Mwanawe aliyezaliwa hapo anaota meno ya kahawia, na mswaki, mkaa wala ndimu haviyatoi. Nyumba moja, ndoo moja, kata moja. Ni uchafu gani huu unaochagua umri?

Njia ikanitoa Meru ikanipeleka mbali, Marekani. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno alifungua kazi Colorado Springs, mji ulio chini ya milima, akawakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia. Nao walikuwa na hadithi zao zilizonyooka: wengine walisema ni nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya, wengine chokaa kwenye maji. Daktari aliyafuatilia madoa hayo kwa miaka mingi. Aligundua kwamba jino huwa limeshaharibika kabla halijatoka kwenye fizi, na kwamba mtu mzima anayehamia mjini hapati kitu. Ni mwalimu wetu yuleyule, ila yuko ng'ambo. Lakini maji yalipopimwa, vipimo vya wakati ule havikuonyesha lolote la ajabu. Je, maji hayakuwa na hatia?

Kijiji cha Oakley, huko Idaho, kilijibu bila maabara. Wazazi walieleza kwamba meno ya watoto yalianza kuharibika baada ya kijiji kuvuta bomba jipya kutoka chemchemi ya maji moto iliyo umbali wa kilomita 8 hivi. Bomba la wote, maji ya umma, kazi ya maendeleo. Mwaka 1923 walishauriwa kuliacha, wakaliacha. Miaka michache baadaye, wadogo zao wakaota meno safi. Hapo maji yalipatikana na hatia, ila silaha haikuonekana. Ilikuwa nini?

Jibu lilikuja mwaka 1931. Mkemia mmoja alipima maji ya mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, kwa kipimo makini zaidi kuliko vya kawaida. Akakuta floraidi, miligramu 13.7 kwa lita. Hakuamini. Alidhani chupa ya sampuli imechafuliwa, akaagiza nyingine. Jibu likawa lilelile. Nimempenda mtu huyu kwa kutokuamini kwake. Floraidi haina rangi, haina harufu, wala haimwonyi mnywaji kwa ladha. Sasa nani wa kuitia kwenye mto wa Meru, mahali pasipo na kiwanda juu yake?

Mlima wenyewe. Meru ni volkano; mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa 1910. Miamba yake ina sodiamu nyingi na kalisiamu kidogo. Kalisiamu ingekuwa nyingi, ingeikamata floraidi na kuigeuza jiwe. Ikikosekana, floraidi inabaki ikielea hadi kisimani. Maziwa ya Momella, chini ya mlima huohuo, yana mamia ya miligramu kwa lita. Mto Maji ya Chai umepimwa ukakutwa na zaidi ya miligramu 10. Kiwango kinachopendekezwa duniani ni 1.5. Tanzania iliwahi kujiwekea kiwango cha muda cha 8, kikashushwa kuwa 4, kisha 1.5. Ni rahisi kuicheka 8 leo, lakini kijiji kikiambiwa kifunge kisima chake cha pekee, kitachota wapi?

Nilidhani nimefika. Kumbe bado. Mkoa wa jirani, Kilimanjaro, watafiti walikuta vijiji ambavyo maji yake yana floraidi ndogo kabisa na bado watoto wana meno ya kahawia. Macho yakageukia chungu: magadi, yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi, huwa na floraidi. Hata majani ya chai, ile chai halisi, huikusanya kutoka udongoni. Kwa hiyo jina la mto lilikuwa na ukweli, ila si ule tuliousimulia. Nani basi tumwambie aache magadi, wakati kuni ni za kununua?

Na maji yenyewe je? Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki, kikombe kinakuwa kikali zaidi. Huko Ngurdoto, jirani kabisa na Maji ya Chai, kumefanyiwa kazi chujio la mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa chenga, maji yanapitishwa humo na floraidi inanasa. Mfupa unaivuta floraidi ukiwa kwenye ndoo kama unavyoivuta ukiwa ndani ya mtu, na ndiyo sababu pana watoto wenye matege na wazee wasioweza kuinama. Ila chenga hujaa, nazo hubadilishwa. Chujio lisilobadilishwa lina tofauti gani na ndoo tupu?

Rangi ya mto naitoa kesini. Kwako wewe unayeishi chini ya mlima: gamba la meno ya mbele na ya kando huumbika kabla mtoto hajatimiza miaka 8. Ikiwa maji ya mvua uliyoyakinga, yasiyopita kwenye mwamba, yanatosha kikombe kimoja tu kwa siku, mpe aliye mdogo kuliko wote nyumbani.