Konono N°1: Likembe Iliyosubiri Miaka 26

Mwaka 1978, Mfaransa Bernard Treton alirekodi mjini Kinshasa kundi lililokuwa likipiga kwa umeme likembe, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Albamu iliyolipatia kundi hilo jina duniani, Congotronics, ilitoka mwaka 2004. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 26, na ni rahisi kuiita miaka ya kimya. Siikubali hesabu hiyo. Pengo hilo ni la rekodi tu, na sisi wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, tunapaswa kulitazama kwa makini, maana hapa kwetu mapengo ya namna hiyo ni mengi.

Mwenye kundi alikuwa Mawangu Mingiedi, Mzombo, yaani mtu wa Wakongo wale wanaoishi pande zote mbili za mpaka na Angola. Aliwahi kuwa dereva wa lori. Muziki wa kwao ulipigwa kwa pembe za ndovu. Mingiedi akauhamishia kwenye likembe, na mwaka 1966 akaunda kundi lake, Konono N°1.

Shida ikawa Kinshasa yenyewe. Kijijini likembe husikika vizuri jioni, watu wakiwa wameketi karibu. Mjini kuna magari, baa, wauzaji na redio za majirani, na likembe humezwa. Mingiedi akaamua kuitia umeme, na namna alivyofanya ndiyo inayonifanya nimheshimu kuliko wapiga gitaa wengi wenye majina makubwa. Alichukua sumaku kutoka alteneta za magari mabovu, akazungushia waya wa shaba, akaufungia mtambo huo ndani ya mbao alizochonga. Chuma kikitetema karibu na sumaku iliyozungukwa na waya, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Gitaa la umeme linafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ila yeye hakununua kitu dukani. Umeme ule ukapita kwenye amplifaya zilizoendeshwa kwa batri za magari, ukatokea kwenye vipaza sauti vya chuma vilivyobaki tangu enzi ya Wabelgiji, ambavyo Wakinshasa waliviita lance-voix. Likembe zilikuwa tatu: ya sauti nyembamba, ya kati na ya besi. Kando yake kulikuwa na ngoma, vyungu, vipande vya magari na filimbi.

Mitambo hiyo ilikwaruza. Sauti ilitoka ikiwa imepasuka na kuvuma, na Mingiedi hakuufuta mkwaruzo ule, aliuingiza ndani ya muziki. Mkwaruzo huohuo ndio uliowavutia baadaye vijana wa Ulaya waliozoea muziki wa tekno, ambao wapigaji wake walitumia pesa nyingi kupata sauti chafu ya aina hiyo.

Rekodi ya Treton ilipigwa redioni Ufaransa, na mwanamuziki wa Ubelgiji aitwaye Vincent Kenis akaisikia. Baadaye, katikati ya miaka ya 1980, lebo ya Ocora ikaitoa pamoja na makundi mengine ya Kinshasa. Kenis alilitafuta kundi kwa miaka. Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, nayo ilikuwa ikiporomoka: uporaji wa 1991, uporaji wa 1993, kisha vita viwili. Mwaka 2000 ndipo alipomkuta Mingiedi. Alimrekodi nje, mahali pa wazi, kwa kompyuta ya mkononi, na lebo ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa Congotronics. Mzee alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwimbaji Björk aliwaalika kwenye wimbo wa albamu yake ya mwaka 2007. Mpiga kinanda Herbie Hancock akawaweka kwenye toleo lake la Imagine, lililopata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Mingiedi alifariki Aprili 2015. Mwaka uliofuata kundi likatoa albamu na Batida, mwanamuziki mzaliwa wa Huambo anayeishi Ureno, na hivyo muziki wa Wazombo ukakutana tena na Angola kwa njia ya Lisbon.

Likembe si mgeni huku kwetu. Mtafiti Gerhard Kubik ameeleza jinsi ilivyosafiri kutoka Kongo ya chini pamoja na wapagazi na askari wa ukoloni, ikafika hadi Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita kaskazini-mashariki mwa Kongo na mashine yake ya kurekodi, aliwarekodi Wanande, watu wa huku kwetu, pia. Rekodi zake zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini. Inanikera kwamba mtoto wa Butembo anayetaka kusikia vidole vya mababu zake huelekezwa huko.

Ufundi wa Mingiedi nao tunaujua. Butembo ilikua kibiashara bila umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Vibanda vya vinyozi, redio na makanisa viliendeshwa kwa jenereta, batri na sola. Fundi anayesuka upya waya wa dinamo barabarani ana mikononi karibu yote aliyohitaji Mingiedi. Kinachokosekana ni kinasa sauti mbele ya mpigaji, na muda. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewakimbiza watu kutoka vijiji vya Beni, na anayekimbia usiku hubeba mtoto na godoro. Likembe hubaki ukutani.

Kenis alihitaji kompyuta moja na uwanja wenye nafasi. Simu zinazouzwa leo katika maduka ya Butembo zinarekodi, na Radio Moto ya hapa kwetu ina masafa ya kurusha. Wazee wa huku kwetu, Musienene na Oicha, wanaojua kupiga bado wapo, na kazi hiyo inaweza kuanza mwezi huu.