Kisomo Bila Ada Kandokando ya Ghuba ya Speke

Watu wengi hudhani ya kuwa elimu isiyolipiwa ada, imwendeayo mtu kutoka mbali mpaka nyumbani kwake, ilizaliwa pamoja na intaneti. Masimulizi yao huanzia mwaka 2001, chuo cha Massachusetts Institute of Technology kilipotangaza kwamba kitafungulia dunia nzima mafunzo yake. Kisha huja Khan Academy mwaka 2008, na nyinginezo baadaye. Kwa Marekani masimulizi hayo huenda yakatosha. Lakini aitazamaye Magu, katika nchi ya Wasukuma iliyo kusini mwa Ghuba ya Speke, hawezi kuanzia hapo. Huku jambo lenyewe lina umri mkubwa zaidi, na asili yake ni pamba.

Mwezi wa Mei 1964 Mwalimu Nyerere aliliambia Bunge kuwa yapasa kuwasomesha watu wazima kwanza, maana watoto walioko shuleni wangechukua miaka mingi kabla ya kuugeuza uchumi wa nchi. Mwaka uliofuata mawaziri wa elimu wa dunia walikutana Teheran chini ya UNESCO, na katika mkutano huo ikapata nguvu fikra ya kisomo kinachofungamana na kazi. Nchi 11 zikachaguliwa kulijaribu jambo hilo, Tanzania ikiwa mojawapo. Makao ya mradi yakawekwa Mwanza mwaka 1968, nao ukaihudumia mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara, na Ziwa Magharibi, ambao sasa waitwa Kagera. Kwa Kiswahili mradi ulijulikana kwa jina la kisomo chenye manufaa, na jina hilo ladhihirisha nia yake.

Vitabu vyake vilifuata kazi za watu. Palikuwa na vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi, vya ng'ombe, vya mambo ya nyumbani, na vya siasa. Katika nchi ya pamba mwanafunzi alizitambua herufi katika maneno ya shamba lake mwenyewe. Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mkulima wa Usukuma alikuwa na sababu ya zamani ya kutaka kusoma, nayo ni mizani. Manung'uniko juu ya upimaji wa pamba kwa wanunuzi ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya wakulima wajiunge pamoja, hata Paul Bomani na wenzake wakaanzisha chama cha wakulima mwaka 1952, na shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955. Asiyejua tarakimu hana budi kuamini aambiwayo, ama uzito, ama daraja la pamba yake, kama ni safi au ni fifi. Nadhani karani wa mizani, kwa kuogopwa kwake, aliwavuta watu darasani kuliko hotuba yoyote.

Hata hivyo kisomo hicho hakikuwa bure kama tulivyozoea kusema. Ada haikuwapo, gharama zilikuwapo. Mafuta ya taa yalitakiwa. Saa za jioni zilitakiwa, nazo kwa mwanamke zilikuwa saa za kupika na kuteka maji. Na wanawake ndio walioyajaza madarasa. Msimu wa kuvuna ulipowadia, mahudhurio yalipungua. Tena palikuwa na aibu ya kuitwa ngumbaru, neno ambalo mtu mwenye wajukuu hakulipokea kwa furaha. Na juu ya hayo yote, lugha ya vitabu ilikuwa Kiswahili, hali nyumbani watu walisema Kisukuma. Mwanafunzi alibeba mizigo miwili kwa safari moja: herufi, na lugha ya pili.

Redio ilikuja kusaidia. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha mafunzo ya Mtu ni Afya kwa muda wa majuma 12. Wapata watu milioni mbili nchini kote walishiriki, wakikusanyika vikundi vikundi kusikiliza, kusomewa kijitabu, kujadiliana, kisha kutenda. Katika magonjwa yaliyofundishwa mlikuwa na kichocho, ambacho watu wa ziwani hawakuhitaji kuelezewa habari zake na mgeni. Baada ya mjadala watu walichimba vyoo. Wasukuma walikuwa na elika tangu zamani, yaani vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu chini ya kiongozi wao; kwa hiyo mtindo wa kukaa pamoja kwa ajili ya kazi haukuwa mgeni kwao.

Ng'ambo ya ghuba, Ukerewe ilikuwa moja ya sehemu sita zilizoteuliwa kufuta ujinga wa kusoma kabla ya mwisho wa 1971. Mwaka 1974 Mwanza ikapata gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Takwimu za serikali zasema kwamba wasiojua kusoma nchini walikuwa 39 kwa mia mwaka 1975, na chini ya 10 kwa mia mwaka 1986. Sizikatai, ila mtihani hupima siku moja, na herufi zisizopewa cha kusomwa husahaulika. Katika miaka ya shida iliyofuata, vya kusomwa ndivyo vilivyoadimika.

Tathmini ya UNESCO ya mwaka 1976 iliilaumu mipango hii yote kwa kuifunga elimu katika uzalishaji. Lawama hiyo ina haki yake. Mkulima wa pamba alifundishwa pamba. Kama alitaka kujua habari za nyota au sheria za mirathi, hakuulizwa. Elimu ya mtandao, iliyopata njia pana kwetu tangu kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, yafanya kinyume chake. Hesabu, tiba, uhasibu, falsafa, kila kitu kimewekwa mezani. Lakini sehemu kubwa ya masomo hayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo mzigo wa lugha umerudi, na mzito zaidi. Mahali pa mafuta ya taa pamechukuliwa na bando. Na msomaji aliyekwama hana jirani wa kumuuliza.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hadi mwisho wa Juni masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni ya taifa. Kwa miezi hiyo sauti ya mwalimu ilirudi hewani, kama mwaka 1973. Safari hii watu walikuwa wameagizwa waepuke mikusanyiko isiyo ya lazima, na kila nyumba ikasikiliza peke yake.