Usingizi wa Watoto Katika Bonde la Rufiji

(Somo hili lilisomwa redioni. Limepigwa chapa ili wanafunzi wa madarasa ya kisomo cha watu wazima wapate kulisoma polepole na kulizungumza pamoja.)

Leo tutasoma historia. Lakini si historia ya wafalme. Ni historia ya usingizi, na hasa usingizi wa watoto wetu. Pengine utacheka na kusema, "Usingizi nao una historia?" Ndiyo, unayo. Haya, tuitazame pamoja.

Kwanza nakuomba ufikiri kidogo. Tuseme nyumbani kwako Mtunda una mtoto wa miaka 11. Usiku anageukageuka mkekani. Mara huamka akipiga kelele. Siku nyingine hukojoa kitandani, na hali jambo hilo alikwisha kuliacha. Asubuhi mwalimu humkuta amesinzia juu ya daftari. Wewe utasemaje? Wengi wetu husema, "Mtoto huyu ni mvivu," kisha tukashika fimbo. Wengine husema, "Ana shetani." Somo la leo linakuomba uulize swali jingine kabla ya kushika fimbo. Swali lenyewe ni hili: mtoto huyu analinda nini?

Swali hilo limetoka katika maisha ya Warufiji wenyewe. Ninyi wa Mtunda, na wenzenu wa Kibiti na Ikwiriri, mnajua sana maana ya kulinda usiku. Mto Rufiji hufurika, na maji yakipungua huacha udongo wenye rutuba. Kwa hiyo tangu zamani watu wamelima mpunga na mahindi bondeni. Lakini mwenye shamba hapati raha. Mchana ndege huja kula mpunga. Usiku huja nguruwe mwitu, na karibu na mto huja viboko. Ndiyo maana watu walijenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wapate kulala humo na kulinda mazao.

Katika dungu mtoto hakulala peke yake. Kulikuwa na mama, au baba, au babu. Mtu mzima akisikia vishindo gizani, alipiga debe au alipaza sauti. Unaweza kudhani kwamba kelele hizo zilimharibia mtoto usingizi. Mimi naona kwamba zilimsaidia pia. Zilimwambia kwamba mkubwa yu macho, basi yeye anaweza kufumba yake.

Wataalamu wamelipima jambo linalofanana na hilo hapa hapa Tanzania. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2017 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa kwao. Watu wazima 33 walivaa vyombo vidogo mkononi kwa muda wa siku 20, na vyombo hivyo vilionyesha nani amelala na nani yu macho. Katika siku zote hizo, wakati ambao watu wote walikuwa wamelala pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wakati mwingine wote, angalau mmoja alikuwa macho. Tena wazee walilala mapema na kuamka mapema, na vijana walichelewa kulala. Hakuna aliyewapangia zamu. Tofauti ya umri peke yake ilitosha kuweka mlinzi.

Basi hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Mtoto hulala vizuri anapojua kwamba mtu mwingine anamlinda. Asipokuwa na hakika hiyo, hukesha mwenyewe, hata kama amefumba macho.

Sasa tuone jinsi hakika hiyo ilivyovunjwa katika nchi hii, mara moja na tena.

Mwaka 1968 mto ulifurika sana. Baada ya hapo serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni, ikawapeleka katika vijiji vya sehemu za juu. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Rufiji. Huko juu watu walikuwa mbali zaidi na maji, na shule ziliweza kuwa karibu. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Wakati wa kilimo ulipofika, wazazi walishuka kwenda kukaa madunguni kwa muda mrefu. Watoto wengine walifuatana nao na kukosa masomo. Wengine walibaki kijijini kwa ajili ya shule, na usiku mzazi hayupo. Msiseme kwamba kuhama kulikuwa kubaya tupu, au kuzuri tupu. Semeni kwamba nyumba moja iligawanyika kuwa mbili, na usingizi wa watoto ukagawanyika pia.

Kisha wakaja simba. Kati ya mwaka 2002 na 2004, simba mmoja ambaye watu walimpa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji. Askari wa wanyamapori walimpiga risasi Aprili 2004. Mtaalamu Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania, walitoa taarifa mwaka 2005. Walionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Mashambulio mengi yalitokea wakati wa mavuno, watu walipokuwa wakilala mashambani kuwalinda nguruwe wasile mazao. Nguruwe alifuata mpunga, simba alimfuata nguruwe, na hapo alimkuta mtu. Dungu lililokuwa lindo likawa mahali pa kuogopwa.

Halafu, kati ya mwaka 2015 na 2017, yalitokea mauaji ya watu kwa watu. Katika Kibiti na jirani zake viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa. Aprili 2017 askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Wananchi wengine walitoweka, na jamaa zao wakabaki na maswali. Jioni watu waliingia ndani mapema na kufunga milango. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati ule sasa ni kijana. Na Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia tena katika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na watu wakahama.

Wazee wetu walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hiyo yaeleza vizuri kazi ya akili baada ya hofu kubwa. Hatari imekwisha kupita, lakini akili ya mtoto haijaamini. Mbwa akibweka, moyo unamwenda mbio. Akiota, anaona yale yale. Akisikia mvua juu ya bati, anadhani maji yanakuja. Mtoto huyo si mvivu. Kila usiku yuko lindoni, na hakuna aliyekuja kumpokea zamu.

Sasa tutoke Rufiji kidogo, tuone nini hutokea ndani ya kichwa cha mtu aliyelala. Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba mtu akilala, ubongo nao hupumzika tu. Huko Chicago, Marekani, mwanafunzi mmoja jina lake Eugene Aserinsky alimfungia mtoto wake wa miaka 8 nyaya kichwani, akamwangalia usiku. Aliona kwamba kwa nyakati fulani macho ya mtoto yalikwenda mbio chini ya kope, na ubongo ulifanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Yeye na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, walitangaza habari hiyo mwaka 1953. Huo ndio usingizi wa ndoto nyingi. Siku hizi twajua kwamba katika usingizi ubongo huyapanga mambo tuliyojifunza mchana, na husaidia kupunguza ukali wa mambo yaliyotuumiza. Katika usingizi mzito mwili wa mtoto hutoa dawa yake ya kukulia. Kwa hiyo mtoto asiyelala hupoteza masomo, hupoteza nguvu, tena hukosa nafasi ya kuponya hofu yake.

Uchunguzi huo unatueleza pia habari za jinamizi. Wakati wa ndoto viungo hulegea, mtu asije akainuka na kupigana na ndoto yake. Mara nyingine akili huamka kabla ya viungo. Hapo mtu huona kama amekaliwa kifuani, ataka kupiga kelele wala hawezi. Mambo haya huwapata zaidi watu waliochoka au wenye wasiwasi. Simwambii mtu aache kumsomea mtoto wake dua. Dua humtuliza. Ila usimtishe kwa kumwambia kwamba kuna kiumbe kinachomwinda.

Na vijana je? Mtoto anapobaleghe, saa iliyo ndani ya mwili wake husogea mbele. Usingizi humjia kwa kuchelewa kuliko zamani. Huo si ukaidi. Lakini akishika simu mpaka usiku wa manane, au akinywa kahawa na chai kali jioni, hujizidishia taabu. Waganga wanashauri kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kila siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10.

Kukosa usingizi na ugonjwa wa akili ni kama ndugu wawili: mmoja akiingia nyumbani, mara nyingi humwita mwenzake. Huzuni ndefu, ambayo waganga huiita sonona, huharibu usingizi. Na kukosa usingizi huzidisha huzuni. Hapo kale watu waliona aibu kutaja maradhi haya, tena matibabu yalikuwa mbali. Mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilijenga hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Watu wakazoea kudhani kwamba ugonjwa wa akili ni ule wa mtu wa kufungwa kamba na kupelekwa mbali. Sivyo. Mtoto anayeamka akilia kila usiku naye anastahili matibabu, na safari yake huanza katika zahanati iliyo karibu.

Basi ufanye nini nyumbani? Yashike mambo haya.

Moja. Muulize mtoto kwa upole, wakati wa mchana, anaogopa nini. Msikilize mpaka amalize. Usimcheke.

Mbili. Alale na kuamka saa zile zile kila siku. Simu ikae kwa mzazi usiku.

Tatu. Atazame mwili wake mganga wa zahanati, kwa maana homa, minyoo na upele navyo huzuia usingizi. Chandarua kisikose.

Nne. Anayekojoa kitandani asipigwe wala asiimbiwe nyimbo za kumdhihaki. Aibu huzidisha hofu, na hofu huzidisha kukojoa.

Tano. Usimpe vidonge vya mafua wala dawa nyingine ili alale, bila ya amri ya mganga.

Sita. Ukienda shamba, mwambie ni nani atakayelala naye, na siku gani utarudi. Kisha urudi siku hiyo.

Saba. Hali hii ikiendelea kwa majuma mawili, au akiacha kula, kucheza na kusema na wenzake, mpeleke zahanati. Na kama anasema kwamba ni heri afe, usimwache peke yake hata kidogo, wala usingoje kesho.

Wanafunzi wapenzi, watoto wengi walioona mambo ya kutisha hupona wakipata mtu wa kuwatuliza na siku zenye utaratibu. Wazee wa madunguni hawakuweza kuzuia mafuriko wala simba. Lakini waliweza kukesha ili mtoto alale. Leo usiku, kabla hujazima taa, mwendee mtoto wako umwambie, "Lala, mimi nipo." Kisha uwepo kweli.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Dungu lilijengwa kwa kazi gani?
2. Wahadzabe wametufundisha nini juu ya usingizi?
3. Kwa nini mtoto huendelea kuogopa hata hatari ikiisha?
4. Katika nyumba yako, nani humpokea mtoto zamu ya usiku?