Henza Ndani ya Mlingoti: Maendeleo kwa Nani?

Henza ni kamba nene inayopandisha foromali na tanga lake. Kwa karne nyingi kamba za kazi hii zilipita nje ya mlingoti. Leo mashua nyingi za mashindano huko Ulaya na Marekani huzipitisha ndani. Ni rahisi kuyasoma mabadiliko haya kama ngazi: kamba ya nje ni ya kale, ya ndani ni ya kisasa. Insha hii inapinga usomaji huo.

Kwanza, kamba haiingii ndani ya gogo. Ilibidi kwanza upatikane mlingoti wenye uwazi ndani. Ilikuwepo ya mbao na ya chuma, lakini hatua kubwa ilionekana mwaka 1930, pale Enterprise, iliyobuniwa na Starling Burgess, ilipoishinda Shamrock V ya Thomas Lipton katika America's Cup ikiwa na mlingoti wa duralumini, aloi nyepesi ya alumini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, milingoti ya alumini ilienea hata kwenye mashua ndogo. Bomba likawa tayari. Kilichobaki ni kutoboa matundu na kufunga roda.

Faida zilikuwa wazi: kamba haizuii upepo, haichomwi na jua, wala haigongigongi mlingoti usiku kucha. Gharama nazo zilikuwepo. Kamba zikisokotana ndani, hakuna anayeziona. Ikikatika moja, lazima uzi wenye kizito ushushwe kutoka kileleni ili kuivuta mpya.

Pili, tutazame majahazi ya Bahari ya Hindi. Alan Villiers, aliyesafiri na Wakuwaiti kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji mwaka 1938–39, alieleza mabaharia wakiimba huku wakivuta foromali nzito. Katika vyombo hivi henza hushuka nyuma ya mlingoti, ikaungana na jarari na kufungwa chini. Hapo huushikilia mlingoti usiinamie mbele tanga linapojaa upepo. Ukiipitisha ndani, umeunyima mlingoti nguzo yake.

Kwa hiyo nahodha aliyeiacha henza nje hakuwa nyuma ya wakati. Alikuwa na kamba moja yenye kazi mbili. Sisi wanafunzi wa historia, kabla ya kuuliza nani ametangulia, tuulize kwanza kamba ile inashikilia nini.