Siku Ambayo Hakuna Aliyeumia Pia Ni Historia

Wasee, tukisoma historia ya usalama kazini huwa tunasoma misiba tu. Three Mile Island, 1979. Challenger na Chernobyl, zote 1986. Ajali ikitokea tume inaundwa, ripoti inaandikwa, halafu tunangoja nyingine. Mimi naona hapo tunaruka nusu ya somo.

Miaka hiyo ya 80, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, wakiwemo Todd La Porte, Gene Rochlin na Karlene Roberts, waligeuza swali: mbona kuna kazi hatari sana ambazo siku nyingi zinaisha salama? Wakaenda kuangalia meli za kivita zinazobeba ndege, kama USS Carl Vinson. Ebu fikiria: ndege zinatua juu ya meli inayoyumba, mafuta na mabomu yako hapo karibu, na kazi nyingi inafanywa na vijana wa miaka 19 au 20. Rika letu kabisa.

Siri yao haikuwa maajabu. Kabla ndege hazijaruka, watu wanajipanga bega kwa bega na kutembea sitaha nzima wakiokota kila kokoto na kila skrubu, maana kitu kidogo kikiingia kwenye injini kinaiharibu. Baharia wa cheo cha chini kabisa akiona hatari, anaweza kuzuia ndege isitue. Kuna kisa maarufu cha baharia aliyepoteza kifaa sitahani akaripoti mwenyewe. Ndege zilizokuwa angani zikatumwa kutua nchi kavu. Kesho yake hakufokewa, alipongezwa mbele ya wenzake.

Sasa rudi huku kwetu kwa mjengo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi amwambie msimamizi akiona hatari kubwa. Kwa karatasi iko poa. Lakini kibarua wa kulipwa kwa siku akisema jukwaa limelegea, si ataambiwa kesho asirudi? Sheria inakwama hapo, asubuhi ya kawaida, kitambo kabla ya msiba.

Na kwa mjengo huohuo kuna fundi wa miaka mingi ambaye hajawahi kuona mtu wake akianguka. Anakagua mbao gani kwanza? Akiona nini anakataa kupanda? Huyo ndiye ningependa tume imhoji, kabla hakujaanguka kitu. Nyinyi mnasemaje?